Fundi Anakunywa Kwanza

Juzi mmoja wenu alikuja nyumbani kwangu Shanwe na pikipiki iliyojaa vumbi, akajitupa kwenye benchi langu bila hata salamu ya maana, akaanza kulalamika. Sitamtaja jina. Anajijua, na nyie wengine msicheke, maana mngefanya vilevile. Alikuwa ametoka kutengeneza pampu ya mkono kwenye kijiji kimoja cha yale makazi ya zamani ya wakimbizi wa Kirundi. Kazi aliifanya vizuri, nilimhoji hatua kwa hatua sikuona kosa. Akatia klorini kisimani kama alivyofundishwa chuoni, akafunga mpini kwa mnyororo, akaondoka. Aliporudi kesho yake kufungua, akakuta akina mama wanampita na ndoo zao wanakwenda mtoni.

"Bibi, wale watu wana matatizo," akaniambia. "Nimewapa maji safi, wao wanakwenda kunywa pamoja na ng'ombe. Ndiyo maana kwao hawaishi kupigana."

Nilikuwa napepeta mchele. Niliweka ungo chini.

"Ulikunywa?" nikamuuliza.

"Ninywe nini?"

"Hayo maji. Ulikunywa mbele yao?"

Akacheka. "Bibi, mimi nimekwenda pale kama fundi. Sikwenda kwenye sherehe."

Nilimfukuza. Aliondoka haraka mpaka akasahau kofia yake ngumu kwenye benchi, ipo mpaka leo, na kuku wangu mmoja ameanza kutagia humo. Halafu nikajiuliza nitawafukuza wangapi. Mnaajiriwa wapya, mnakuja na spana zinazong'aa na simu mbili mbili, mnarudia kosa lilelile walilorudia waliowatangulia. Nimechoka kumpigia kelele mmoja mmoja. Basi naandika, msome wote kwa pamoja, na asiyeelewa arudie.

Mimi ni Skolastika, mzaliwa wa Mamba, Mpimbwe kwa baba na kwa mama. Nimefanya kazi ya pampu za visima tangu Mpanda ikiwa bado chini ya Rukwa mpaka magoti yangu yalipogoma. Nilipoanza, mwanamke kushika spana kulifanya watu waache majembe shambani waje kutazama. Walikuwa wanasimama kuzunguka kisima wananishauri, watu ambao hawajawahi kufungua hata kifuniko cha chupa ya chai bila kumwita mke. Niliwazoea. Mtu akikushauri sana mpe upande wa pili wa bomba alishike, atanyamaza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mrundi, Mzee Leonidas, mwembamba, mkali, aliyekimbia kwao akiwa kijana na kubaki na Kifaransa cha shule ambacho alikitumia kuyatukana mabomba tu. Watu alikuwa anawatukana kwa Kiswahili ili waelewe. Kwake ngozi ya pistoni lazima ilowekwe kwenye mafuta ya kula kabla ya kufungwa. Mwenzetu mmoja aliona uvivu kwenda dukani akailoweka kwenye mafuta ya taa, na kijiji kizima cha huko Mwamkulu kikanywa maji yanayonuka kibatari mpaka mvua zikaanza. Kwake spana lazima ifungwe kamba kwenye mkono, kwa sababu kisima kikimeza kitu hakirudishi. Kuna kisima kimoja mkoa huu kina spana zetu, kandambili ya mwenyekiti wa kamati ya maji na meno ya bandia ya mtu aliyeinama kuchungulia.

Lakini zaidi ya yote alinifundisha kusikiliza. Pampu inaongea, na nyie mnaanza kuifungua kabla haijamaliza. Ukisukuma mpini mara nyingi ndipo maji yaje, vali ya chini inavuja, maji yanarudi kisimani wakati watu wamelala. Mpini ukiwa mwepesi ghafla, fimbo ya chuma inayovuta pistoni imekatika huko chini. Ukisikia kugonga, bomba limelegea. Ukisikia mpini unalia kila ukipanda na kushuka, beringi inataka grisi. Hilo la grisi ni jepesi kuliko yote, na nilikuwa siwezi kuipita pampu inayolia hata nikiwa njiani kwenda kanisani.

Na alikuwa na sheria moja ambayo haimo kwenye vitabu vyenu. Fundi anakunywa kwanza.

Mnajua kuwa kisima kikifunguliwa unatia klorini, unakiacha kilale, kesho yake unasukuma maji mpaka harufu iishe. Leonidas aliongeza ya kwake. Klorini aliichanganya mbele ya watu wote, akawapa wainuse, akawaeleza ni ya nini. Kesho yake, maji yakishatulia, alijaza kikombe akanywa yeye. Kisha akampa mtunza kisima, yule mwenye ufunguo wa mnyororo. Mtunza kisima akampa mzee wa upande huu wa kijiji, halafu mzee wa upande ule. Hapo ndipo ndoo zilisogea. Mimi nilikuwa nasimama pembeni natazama jua linavyopanda, nawaza safari ya kurudi.

"Mzee, hii misa yako itaisha lini?" nilimuuliza siku moja.

"Kwetu," akasema, "mtu akikukaribisha pombe anaonja kwanza yeye, ndipo anakupa mrija. Ilikuwa heshima. Watu wakaanza kuuana, sasa haonji kwa heshima. Anaonja kwa sababu unamwangalia mikono."

Pande zilizouana huko kwao mnazijua kwa majina, Wahutu na Watutsi. Lugha moja, dini moja, maharage yaleyale. Nilikaa nao miaka, nikala kwao, nikazika nao, na mpaka leo ukiwapanga mbele yangu siwezi kukuambia yupi ni yupi. Wao waliweza, au waliamini kuwa wanaweza, na kwa imani hiyo watu walichomewa nyumba. Waliovuka na kufika huku kwetu hawakuja na vitu vingi, lakini woga ule walikuja nao. Na makazini walikuwa karibu wote wa upande mmoja, Wahutu! Walikuwa wamebaki wenyewe kwa wenyewe, bado wanatafutana nani mama yake alikuwa nani.

Ilinikera sana. Nilikuwa nasema hawa watu wamelogwa. Kisha nikatumwa nyumbani kwetu Mamba.

Pale Wapimbwe wenzangu walikuwa wamegombana na wafugaji wa Kisukuma kwa sababu ya ng'ombe kunyweshwa kwenye pampu. Ndugu zangu, Wakatoliki wema wa kuimba kwaya, wakaona dawa ni kufungua mpini wa pampu na kuuficha nyumbani kwa mjomba wangu. Wafugaji walipofika wakakuta hakuna mpini, wakafungua bolti zote zilizobaki wakaondoka nazo. Nilikuta pampu imesimama kama kisiki, mjomba ana mpini uvunguni, mzee mmoja wa Kisukuma ana bolti kwenye mfuko wa koti, na wote wawili wanachota maji ya tope kwenye dimbwi moja, wanapishana bila kusalimiana. Nilimwambia mjomba atoe mpini. Akasema wao watangulie kutoa bolti. Nikaenda kwa mzee, akasema wao watangulie kutoa mpini. Niliwapigia kelele wote wawili mpaka sauti ikakauka, na dawa ya koo iliyokuwepo ni maji ya lile dimbwi. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za Warundi.

Sasa nije kwenye kisima chenyewe.

Kilikuwa kwenye kijiji cha ndani kabisa ya makazi, mbele ya mlango wa Mama Venansia. Nasema mbele ya mlango, akitema mate yanaweza kufika. Huyu mama, mume wake na watoto wake wakubwa waliuawa huko kwao. Aliyewaonyesha wauaji nyumba yao alikuwa jirani aliyekuwa anakunywa nao pombe kwenye chungu kimoja. Venansia alivuka na mtoto wake wa mwisho, Bonifasi, mgongoni, na akamlea makazini kwa jembe la mkono. Bonifasi akakua, akaoa. Akamwoa Consolata, binti aliyekuja baadaye na wimbi jingine la wakimbizi. Baba yake Consolata alikuwa Mhutu, hapo hapakuwa na shida. Mama yake alikuwa Mtutsi.

Venansia hakumpiga mkwe wake wala kumtukana. Alikaa naye ua mmoja akala peke yake. Akipewa chakula na Consolata alisema ameshiba. Kamati ya maji ilipomchagua Consolata kuwa mtunza kisima, kwa sababu alikuwa mwangalifu na hapotezi vitu, Venansia hakupinga, ila nilimwona anavyoutazama ule ufunguo kwenye shingo ya binti wa watu.

Siku tulipokwenda kutengeneza pampu ile, Leonidas aliamka vibaya. Tulitoa mabomba kwenye jua kali, na watu wakasimama kuangalia mikono yetu. Mmoja akauliza kamba imetoka wapi. Mwingine akataka tunawe tena. Mzee mmoja akamsogelea Leonidas, akamuuliza kitu kwa Kirundi, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Anauliza mama yangu alizaliwa ukoo gani."

Sijawahi kumwona akiwa vile. Alichanganya klorini akiwa amewapa mgongo, hakumnusisha mtu, akaimimina, akafunga mnyororo, akamkabidhi Consolata ufunguo. "Kesho asubuhi usukume mpaka harufu iishe," akamwambia.

"Na kuonja, mzee? Utakuja?"

"Sionji. Nimekunywa klorini kwa ajili ya watu wazima mpaka tumbo langu limekuwa kisima. Wanaotaka wanywe. Wasiotaka waache."

Tukapanda baiskeli tukaenda tulikofikia, kwenye nyumba ya wageni ya makazi. Njiani nilimsifu. Nilimwambia amefanya jambo la maana, watu wale wanahitaji kuzoeshwa. Na ningekuwa mimi ndiye niliyeulizwa habari za mama yangu, ningemimina klorini kwenye kofia ya yule mzee.

Asubuhi tukafuatwa mbio. Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa kisimani. Consolata aliamka mapema akaanza kusukuma maji peke yake kama alivyoagizwa, na harufu ikaenea mpaka njiani. Harufu ile watu hawakuwa wameelezwa. Na asubuhi hiyohiyo mbuzi wa Mama Venansia alikuwa ameanguka na kufa karibu na mtaro wa pampu. Nilimwangalia yule mbuzi, midomo imejaa maganda ya muhogo mchungu, kapu zima la maganda limepinduliwa jikoni kwa Venansia. Mtoto yeyote wa Katavi anajua mbuzi akila yale anakufa. Wao pia walijua. Siku nyingine yoyote wangejua.

"Katia sumu," walikuwa wanasema. "Mama yake ni wale. Ufunguo anao yeye."

Consolata alikuwa amesimama ameshika mpini wa pampu, tumbo lake la mimba liko mbele. Baadhi ya wanawake walikuwa wameshatoa vyombo vyake nje, sufuria na mkeka, wameviweka njiani. Ndivyo ilivyokuwa inafanyika pale: wakikutolea vyombo njiani wanataka uondoke. Na aende wapi? Kwao kulikuwa kumeungua. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekufa, kila mmoja kauawa na upande wa mwenzake. Nchi nzima haikuwa na upande wa kumpokea.

Leonidas akapenya katikati ya watu. Alichukua kikombe, akasukuma, akanywa mpaka mwisho.

"Wewe si ndiye uliyeitia?" mtu akasema. "Utakosa kuwa na dawa yake?"

Nikanywa mimi. Maji yalikuwa makali yanachoma pua. Mwanamke mmoja akanitazama kwa huruma akasema, "Huyu ni wa hapahapa. Sumu ya kwetu haimjui."

Jamani! Sumu gani inauliza kabila kabla ya kushuka tumboni? Nilitamani kumshika yule mama nimtikise. Nilipiga kelele, niliwaonyesha mbuzi na maganda yake, niliinua ndoo ya klorini juu. Nilikuwa nazungumza na ukuta.

Ndipo Consolata akachukua kikombe. Akanywa. Akajaza tena, akanywa. Aliendelea kunywa huku anamwangalia mama mkwe wake tu, maji yanamwagikia kwenye kitenge, mpaka mimi nikashika mkono wake kwa sababu ya mtoto aliye tumboni.

"Mama," akasema, "nimeonja."

Watu wakamgeukia Venansia. Alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Hata kule walikuwa wanaonja kwanza," akasema.

Akaingia ndani akafunga mlango. Nilimwangalia Leonidas. Sheria yake yote, misa yake yote, yule mama alikuwa ameijibu kwa maneno machache.

Bonifasi alikuwa kijana mpole, mpole wa kukera, na muda wote ule alikuwa anatazama chini. Nilikuwa nimeshamkatia tamaa. Basi akatoka kwenye kundi la watu, akaenda njiani, akaokota sufuria, akaokota mkeka, akavirudisha ndani. Akatoka na jembe lake na shuka lake, akaviweka palepale njiani ambapo vyombo vya mkewe vilikuwa.

"Akiondoka huyu, vyangu ndivyo hivi," akasema.

Venansia alikuwa na mtoto mmoja duniani. Kila mtu pale alilijua hilo. Baadaye mwenyekiti wa kijiji akapata akili ya kusema watu wasubiri mpaka kesho, na watu wakatawanyika huku wananung'unika.

Kesho yake harufu ilikuwa imekwisha. Leonidas alikuwa pale tangu alfajiri, akasukuma, akanywa, akampa Consolata. Yule mzee aliyeuliza habari za ukoo akaja akapokea kikombe, akanywa, akafuta ndevu. Ndoo zikapangwa foleni. Watu wakaanza kuzungumza habari za mahindi. Hakuna aliyemwomba Consolata msamaha, hakuna aliyetaja mbuzi. Ufunguo walimpa mtu mwingine, wakasema ni kwa sababu ya ujauzito. Niliondoka pale natukana kwa Kipimbwe.

Leonidas hakuacha tena kuonja. Hata siku za homa alikunywa. Mlango wa kurudi kwao ulipofunguliwa alikwenda kutazama shamba la baba yake, akakuta watu wengine wamejenga humo na wana makaburi yao tayari. Akaniletea salamu kwa mtu kuwa amefika, na kuwa visima vya huko vinavuja vali ya chini. Sikupata habari nyingine. Bonifasi na Consolata walibaki, wakachukua uraia, watoto wao wamezaliwa Tanzania, wamesoma Tanzania, wanashabikia timu za Dar es Salaam na kupigana kwa ajili yake. Hao ndio mnaowaita Warundi tu.

Na Venansia? Venansia hakunywa maji ya pampu ile. Hapo ndipo akili yangu inaposimama. Pampu iko mlangoni kwake, nimeifunga kwa mikono yangu, maji yake yamepimwa, na yeye kila asubuhi anabeba ndoo anaipita, anakwenda mtoni, njia ya mawe, anarudi na maji yenye majani na kinyesi cha ng'ombe. Kila nilipopita kwa kazi nilimkuta njiani. Nilimsihi, nilimtisha kwa habari za kuhara, nilimletea padri. Anasema, "Asante, fundi." Anaendelea kutembea. Miguu ilipochoka, Consolata akaanza kumchotea. Mkwe yuleyule. Anakwenda mtoni, anarudi, anaonja mbele yake, anampa. Wala hawaongei sana. Hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Baada ya kumfukuza yule mwenzenu na malalamiko yake, nilishindwa kulala vizuri, nikakodi bodaboda nikaenda kuwasalimia. Nilikuwa sijafika huko tangu nistaafu. Kabla sijashuka niliisikia pampu yangu inalia, kwii, kwaa, beringi imekauka kabisa. Nikawaka. Nani ameiacha hivi? Consolata alikuwa anajaza dumu la njano. Ana mvi sasa. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, akanivuta pembeni.

"Mto umekauka," akaninong'oneza. "Huko juu wamefungua majaruba ya mpunga, na mifugo ni mingi. Tangu kiangazi cha mwaka juzi mvua zikikata hakuna kitu. Namchotea haya. Yeye anajua ni ya mto."

Kisha akabeba dumu, akazunguka nyuma ya migomba, akashuka kidogo kwenye njia ya mtoni, akapanda tena, ili aingie kwa upande wa mto akiwa anahema. Mama mzima, ana wajukuu, anazunguka migomba! Nilimfuata nikijizuia nisicheke wala nisigombe.

Bibi Venansia alikuwa kitandani, amekonda, macho hayaoni vizuri. Consolata akamimina maji kwenye kikombe, akaonja, akasema, "Nimeonja, mama." Bibi akajibu, "Ego," yaani ndiyo kwa Kirundi, akapokea kwa mikono yote miwili akanywa. Nami nikapewa. Nikajua kabla hayajafika kooni. Yale mabomba ya chuma niliyafunga mimi, ladha ile ya kutu naijua kuliko ladha ya chai yangu.

Consolata akatoka kwenda kutazama chungu cha maharage. Mimi nikasema, kwa kukosa la kusema, "Bibi, pampu yako hapo nje inalia vibaya. Nina kopo la grisi kwenye mkoba. Ngoja niipake kabla sijaondoka."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Usiipake."

"Inaharibika, bibi."

"Fundi, macho yamekufa, masikio ni mazima. Kila asubuhi naisikia inalia pale mlangoni. Inalia, inanyamaza, halafu baadaye kidogo mwanangu anaingia na maji ya mto." Akanivuta karibu. "Ukiipaka grisi nitajuaje kama ameamka salama?"

Nikauacha mkoba ulivyo. Nikamwambia, "Basi mwambie kuwa unajua. Viangazi vingapi hivi anazunguka migomba!"

"Nikimwambia hilo, nitalazimika kumwambia na ya siku ile ya mbuzi."

"Si umwambie!"

"Wewe ni fundi wa pampu," akasema, akageukia ukutani. "Baki na pampu zako."

Consolata alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda. "Hajagundua, sivyo?" akaniuliza. Nikamwambia hajagundua. Nilipanda pikipiki nina hasira nao wote wawili, hasira ya kutaka kurudi na kuwagonganisha vichwa, na nilikuwa nalia mpaka dereva akaniuliza kama kuna msiba. Walishapatana, wale. Walishapatana zamani, na hakuna hata mmoja anayethubutu kumwambia mwenzake.

Sasa wewe uliyesahau kofia. Kabla hujaja kuichukua, rudi kule kijijini kwako na kikombe. Waite watu, waeleze klorini ni nini, wape wanuse, jibu maswali yao hata ya kipuuzi, hata wakiuliza habari za mama yako. Kisha kunywa wewe kwanza. Wasipokunywa siku hiyo, rudi kesho unywe tena, na usiniletee manung'uniko.

Na nyie wengine, siku mkipita kwenye kijiji kile cha ndani mkasikia pampu inalia karibu na nyumba yenye migomba nyuma, najua mikono itawawasha. Hata mimi iliniwasha. Pampu nyingine zote za mkoa huu zipakeni grisi. Hiyo iacheni ilie.